Mshenga wa Masanduku

Nyumba ya Zakaria, katika mtaa wa Waswahili mjini Muyinga, ilikuwa imehamiwa na masanduku. Yalianza ukumbini, yakaenda barazani, yakaingia chumbani, na mwezi wa nane ulipofika mkewe Shakila alikuwa akikiendea kitanda chake kiubavuubavu, akiliomba bati radhi. Yalikuwa masanduku mazuri ya bati, ya wanafunzi wa bweni, ya bluu na ya kijani, pembe zimekunjwa vizuri na kifuniko kinashuka sawasawa. Kasoro yao ilikuwa moja tu: aliyeyatengeneza hakuwa mtu wa kusema.

Si kwamba Zakaria alikuwa bubu. Akisalimiwa aliitika, akiulizwa jina alilitaja. Lakini mteja akisimama mbele ya kibanda na kuuliza, "Hii sanduku iko nguvu?" Zakaria alilitazama sanduku, akamtazama mteja, akaona kwamba mteja naye ana macho, akarudi kwenye nyundo. Nyundo ilisema mchana kutwa mpaka majirani wakalalamika. Mwenye nyundo, hapana. Wateja wakavuka barabara kwa jirani aliyeuza mabegi ya plastiki. Mabegi hayo yalitoka magurudumu kabla ya kufika shuleni, lakini yaliuzwa na mtu mwenye vicheko.

Shule zingefunguliwa katikati ya mwezi wa tisa. Baada ya hapo sanduku la mwanafunzi halina mnunuzi mpaka mwaka mwingine, na bati jipya halinunuliwi kwa sanduku lisilouzwa. Nyumba nzima ilijua hivyo, na aliyejua kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Kassimu, kaka yake Shakila, mwenye duka la simu karibu na soko. Kassimu alikuwa amehudhuria mafunzo ya biashara katika hoteli moja mjini Gitega, akapewa cheti, na tangu hapo alikuwa hasalimii tena, alikuwa anatangaza. Ijumaa moja baada ya swala aliingia na kipaza sauti cha mkononi, akakalia sanduku kwa kuwa viti havikuonekana.

"Shemeji, mi nakuambia ukweli ju nakupenda. Biashara ni mdomo. Kule formation walitufundisha: usipojisemea, nani atakusemea? Weye unafanya kazi muzuri, mais unaifanya kama muntu anaiba."

Zakaria alitikisa kichwa kukubali.

"Unaona? Hata sasa hujibu."

"Nakubali," alisema Zakaria.

"Bon. Shule ikifungua na hii vitu ingali humu ndani, unafunga kibanda, unakuja kwangu. Mi niko na haja ya muntu wa kusimama ku mulango na hii." Akakipiga kofi kile kipaza sauti. "Asubuhi paka magaribi. Karibu karibu, simu iko, chaja iko! Mushahara iko. Utazoea tu."

Zakaria alikitazama kipaza sauti jinsi mtoto anavyoitazama sindano. Alijiona mlangoni pale, Muyinga yote inapita, na sauti yake mwenyewe inamrudia kutoka ukuta wa pili wa barabara.

"Sawa," akasema, maana kukataa kungehitaji maneno mengi zaidi.

Shakila alikuwa akimenya ndizi uani. Aliisikia ile sawa na kisu kikasimama. Alimjua mumewe: angesimama mlangoni kama alivyoahidi, angekufa kidogo kidogo kila siku, na jioni angerudi nyumbani akisema hajambo.

Shakila ndiye aliyesikia habari za Bi Hidaya wa Gitega, mjane mwenye duka kubwa la vitu vya shule, ambako wazazi walitoka hata Bukirasazi kununua. "Chukua moja, ile ya bluu," alimwambia mumewe. "Ukifika useme: mi ndiye fundi, niko na zingine. Basi. Hakuna hotuba. Sema nisikie."

"Mi ndiye fundi, niko na zingine."

"Tena."

Mafuta ya gari yalikuwa adimu, na Zakaria alisafiri akiwa amebanwa kiti cha nyuma cha teksi ya Probox, sanduku magotini, akiirudia sentensi yake. Walipopita Karuzi alikuwa anaiweza bila kutetemeka. Walipoingia Gitega alianza kuiona fupi, akafikiria kuongeza "salama aleikum" mbele, akaogopa kuiharibu, akaiacha.

Dukani kulikuwa na watu. Bi Hidaya mwenyewe, mama mnene mwenye ushungi mweusi, alikuwa amekaa nyuma kabisa karibu na mlango wa stoo, tasbihi mkononi, haangalii mtu. Aliyeuza, aliyepokea fedha na aliyegombana na wateja alikuwa Lucia, msichana wa kuajiriwa aliyekulia Tanzania katika kambi ya wakimbizi, ambaye alipanga maneno haraka kuliko alivyopanga madaftari. Zakaria akasimama akingoja zamu yake. Lakini dukani zamu haimfuati mtu. Walikuja watu nyuma yake, wakahudumiwa, wakaondoka, wakaja wengine.

"Kaka," Lucia alimwona hatimaye, "mbona umesimama na sanduku njiani? Weka huko nyuma, stoo."

Zakaria alifungua mdomo. "Mi ndiye..."

"Ndiyo, wewe ndiye, weka basi, watu wanashindwa kupita!"

Akaliweka. Bi Hidaya aliinua macho akalitazama sanduku, akamtazama na aliyelileta, akarudi kwenye tasbihi yake. Zakaria alipotoka stoo, Lucia akamtia mkononi faranga elfu mbili. "Ya kubeba. Asante, kaka, nenda salama."

Alisimama pale akapiga hesabu. Ili kuzirudisha zile faranga ingebidi aeleze kwamba yeye si mbebaji. Kisha aeleze sanduku ni la nani. Kisha aeleze kwa nini hakusema tangu mwanzo, na hayo yote mbele ya watu. Hesabu ikamshinda. Akasema asante, akatafuta gari la Muyinga.

"Sanduku iko wapi?" Shakila aliuliza.

"Imebaki."

"Waliinunua?"

"Hapana."

"Sasa waliichukua bure?"

Zakaria alifikiri. Alikuwa mtu wa kweli. "Walinilipa ya kubeba," akasema.

Shakila alicheka mpaka akaegemea masanduku. Alicheka akajifuta macho kwa kanga, na kicheko kikageuka bila kuaga, ikawa anajifuta machozi ya kweli. Zakaria alikaa karibu naye. Hakujua la kusema, na kwa mara ya kwanza jambo hilo lilimuuma kama jeraha.

"Siku ile ulikujaga kunioa," Shakila alisema baadaye, sauti imekauka, "nani alisema?"

"Muzee Athumani."

"Na weye?"

"Mi nilikaa."

"Ulikaa. Miaka kumi na moja, maneno yote mazuri nilisikia mu hii ndoa, aliisemaga Muzee Athumani, siku moja, mbele ya baba. Eti tangu uone mi, uliharibu bati ya wiki mbili. Eti unaacha musumari unapiga kidole. Baba alicheka, nami nyuma ya pazia nilicheka. Niliolewa na ile maneno, hata kama ilikuwa ya kupamba. Mushenga anapambaga, ni kazi yake."

Zakaria alikisugua kidole gumba chake cha kushoto.

"Basi mi nauliza," Shakila akaendelea, na sasa alikuwa amesimama. "Mdomo ya Athumani ilikupatia muke. Itashindwa kukupatia muteja?"

Kassimu alipoambiwa alishika kichwa. "Mushenga kwa bati? Yampayinka! Formation haikusema hii!"

Mzee Athumani, kwa upande wake, hakuona cha kuchekesha. Alikuwa ameozesha nusu ya mtaa, na nusu iliyobaki aliamini ni kwa uzembe wao. Aliyazunguka masanduku mikono nyuma, akagonga moja kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Bati na kijana wa kuoa ni kitu moja," akatoa hukumu. "Ikijisifu yenyewe inakuwa bei rahisi. Lazima isemewe na muntu mwingine. Mutatafuta kreti mbili za Fanta. Kanzu zipigwe pasi. Kassimu utakuja kama ndugu. Na weye, Zakaria, kazi yako ni kukaa na kunyamaza paka mwisho. Utaweza?"

"Nitaweza," alisema Zakaria. Tangu aanze biashara, lilikuwa sharti la kwanza alilopewa ambalo aliliona liko ndani ya uwezo wake.

Shakila akapiga simu Gitega, akamwambia Lucia kwamba wageni wanakuja kutoka Muyinga na masanduku yao na msemaji wao. Lucia akampelekea Bi Hidaya habari. Bi Hidaya hakusema kitu, na kwa desturi za watu wetu mwanamke akinyamaza amekubali. Na kwa kuwa wageni wenye mshenga hawapokelewi na watu wasio na msemaji, akaitwa Mustafa, mdogo wake Bi Hidaya, ambaye alikuwa na koo safi na hakuwa na kazi maalumu.

Zakaria, Kassimu na Athumani walipanda lori la rafiki yake Kassimu lililokuwa likienda Gitega tupu. Masanduku yote yalipakiwa, mpaka ukumbi ukaonekana sakafu. Shakila, aliyekuwa anabaki, alimnyoosha mumewe ukosi wa kanzu.

"Usiogope," akamwambia. "Hakuna atakayekuuliza kitu."

Sebule ya Bi Hidaya ilitandikwa mkeka mpya. Athumani alianza kwa dua, akaingia kwenye salamu, akazisalimia mpaka nasaba za marehemu mwenye nyumba. Mustafa alijibu kwa kiasi hichohicho na ziada kidogo. Fanta zikafunguliwa. Bi Hidaya alikaa pembeni, macho kwenye tasbihi, na Zakaria akakaa pembeni ya pili, macho kwenye mkeka.

"Sisi tumetoka Muyinga," Athumani alisema, "tumepita Karuzi, hata maji hatukunywa, ju ya haraka ya kufika ku hii nyumba ya heshima. Tuko na kijana. Sanduku ya huyu kijana, ukiitupa mu muto Ruvubu, inafika Misri, na madaftari ndani ingali mikavu."

"Kama Misri wanaingojea," Mustafa akajibu, "juu ya nini mumeileta Gitega?"

Watu wakacheka, na Athumani akacheka zaidi, maana amepata mwenzake. Akapanda. Nyundo ya kijana haikosei. Kijana halali. Kijana huyu, akasema akimwonyesha kwa mkono uliofunguka, kwa mwezi mmoja anatengeneza masanduku mia tatu.

Zakaria alipaliwa na Fanta.

Kwenye posa neno kama hilo halimdhuru mtu. Mshenga akisema kijana ana ng'ombe ishirini, upande wa pili husikia wawili, na wote hufurahi. Lakini Mustafa alikuwa na utani wake. "Mia tatu! Mbele ya hawa watu wote? Sawa. Tunataka mia tatu kabla ya shule kufungua. Isipofika, mutatulipa hasara."

"Itafika, inshallah," Athumani akasema, "na kumi ya zawadi juu yake!"

Kassimu akapiga makofi. Zakaria alikuwa amekuja kukaa na kunyamaza, na kila dakika aliyonyamaza ilikuwa inamuoza kwa mzigo asioweza kuubeba. Aliinua macho kutafuta msaada, akaona nafasi ya Bi Hidaya iko tupu. Akanong'ona kitu kuhusu maji, ambacho hakuna aliyekisikia, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Bi Hidaya alikuwa barazani nyuma, peke yake, na kikombe cha chai. Alikuwa amekalia sanduku la bluu. Zakaria alilitambua kabla ya kumtambua aliyelikalia. Alisimama, mama akanywa chai, na kwa muda wote wawili walinyamaza bila yeyote kuona dhiki.

"Weye ndiye uliletaga hii," Bi Hidaya alisema mwishowe.

"Ego, ni mi."

"Lucia alikulipa ya kubeba."

Zakaria aliingiza mkono mfukoni, akatoa zile faranga elfu mbili, noti zilezile, akazinyoosha na kuziweka juu ya ukingo wa sanduku. "Sikubeba ya muntu. Ni mi niliitengeneza."

"Juu ya nini hukusema?"

"Kulikuwa watu."

Bi Hidaya alitikisa kichwa polepole. Jibu lilimtosha. "Nami nakaaga huku ju yao," alisema. "Marehemu ndiye alikuwa anasemaga. Alipokufa nilifikiri duka itakufa. Nikatafuta Lucia." Akapiga kiganja kwenye bati pembeni yake. "Tangu uilete, naikalia. Mi si mwepesi. Haijalia hata siku moja. Nilitaka kujua fundi, mais haikuwa na jina." Akanywa chai tena. "Sasa ile mia tatu."

Ndani, sauti ya Athumani ilikuwa inapanda. Zakaria akisema kweli, huenda mama akaona kwamba ameletewa waongo na kufunga mlango. Na nyuma ya mlango huo kuna kipaza sauti cha Kassimu, asubuhi paka magaribi. Akinyamaza, ahadi imeshapita.

"Si kweli," akasema. "Niko na sitini. Iko ku lori. Kwa mwezi naweza kumi na tano, bati ikiwako. Na kuna mbili za kijani, kifuniko haishuki muzuri. Nilifanya nikiwa na homa. Zile usichukue."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kuzitoa, na alipoimaliza ilibidi aegemee nguzo.

"Na muzee anasema mia tatu juu ya nini?"

"Ni mushenga."

"Na Mustafa anazitaka za nini? Mi sijawahi kuuza mia tatu ya kitu." Bi Hidaya alifikiri kidogo. "Naye ni mushenga," akakubali. "Nachukua zote. Zile mbili utazinyoosha hapahapa. Na hizo kumi na tano utaniletea kila mwezi. Huku mabibi harusi wanatakaga sanduku ya nguo, si wanafunzi peke yao."

Akataja bei. Zakaria akatikisa kichwa kukataa. Akataja nyingine. Zakaria akatikisa kichwa kukubali. Mama akamimina chai kikombe cha pili, wakanywa.

Waliporudi sebuleni mambo yalikuwa yameharibika. Hasara ya masanduku yasiyofika ilikuwa imekadiriwa kwa mbuzi, mbuzi wakawa wengi, na Athumani alikuwa amesimama, fimbo mkononi, kanzu inatetemeka.

"Twende!" alinguruma. "Kijana wetu hatukumuokota! Kassimu, beba Fanta yetu!"

"Muiache, imekwisha nyweka!" Mustafa naye alikuwa amesimama.

Bi Hidaya akakaa mahali pake. Akamtazama Zakaria, halafu akayarudisha macho kwenye tasbihi, na Zakaria akaelewa kwamba mama wa watu ameshasema sehemu yake ya siku. Watu walikuwa saba, na wote walikuwa wanapiga kelele. Zakaria akainuka.

"Tumekwisha elewana," akasema.

Hakusema kwa nguvu. Lakini wa Muyinga walikuwa hawajawahi kumsikia akianza neno yeye mwenyewe, wakanyamaza wote kwa mshtuko, na wa Gitega wakanyamaza kwa kuwafuata.

"Nani na nani?" Athumani aliuliza.

"Mi na mama."

"Emwe," Mustafa alisema, bila hasira, kama mtu anayetaka kujua tu, "na sisi tulikuwa tunafanya nini?"

Lucia alikuwa amesimama mlangoni na ufunguo wa stoo, anamkazia macho yule mtu mwenye kanzu. "Kaka! Kumbe ni wewe? Siku ile... jamani, mimi si nilikupa ya kubeba?"

"Mi ndiye fundi," alisema Zakaria. "Niko na zingine."

Wiki hiyohiyo, kwenye baraza la msikiti wa Muyinga, Mzee Athumani alisimulia jinsi alivyoozesha mabibi harusi sitini kwa kikao kimoja. Kassimu alieleza kwamba yote yalikuwa katika mafunzo, ukiyasoma vizuri. Wote wawili walimtaka Zakaria athibitishe, naye akatikisa kichwa kukubali, maana hakuona sababu ya kumnyima mtu furaha. Kipaza sauti kilirudi dukani. Kassimu alisimama nacho mlangoni mwenyewe, na kwa kweli kilimfaa.

Nyumbani ukumbi ulikuwa mtupu mpaka ukirudisha sauti. Bati jipya lilikuwa limeletwa, na Zakaria alikuwa uani ameshikilia pembe ya sanduku la kwanza. Shakila alitoka jikoni na mwiko, maharage yangali motoni, akasimama.

"Kumbe muzee aliongeza," alisema. "Mia tatu! Mama we."

"Aliongeza sana."

"Nilijua. Mushenga lazima aongeze." Aliuchezea mwiko, akiuangalia huo, si mumewe. "Donc hata ile ya kwetu. Ya bati ya wiki mbili na kidole. Nayo aliongeza."

Zakaria aliiweka nyundo chini. Alifikiri kwa muda, jinsi alivyofikiri kila kitu, na Shakila akaanza kugeuka arudi ndani, kwa kuwa alizoea.

"Ile hapana," alisema Zakaria. "Ile alipunguza."

Shakila akasimama.

"Ilikuwa mwezi muzima. Mi ndiye nilimuambiaga aseme. Akaona ni nyingi, baba yako hataamini, akasema wiki mbili." Akainua kidole gumba cha kushoto, kile chenye ukucha uliopinda, ambao Shakila alikuwa ameuona miaka kumi na moja akidhani ni mambo ya kazi. "Na kidole ni hii."

Kisha akaokota nyundo, kwa sababu alikuwa amemaliza.

Siku hiyo maharage ya Shakila yaliungua mpaka yakashika sufuria, jambo ambalo halikuwahi kutokea katika nyumba ile. Waliyala wote wawili, wakayamaliza, na hakuna aliyeuliza sababu.